Mwenzako wa Nini?

Jumatatu, 4 Machi

Wakili kasema niandike. Kila siku, hata kama hakuna kitu. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne na mkono umezoea koleo. Kasema andika kama unavyoongea. Haya.

Mimi ni kibarua wa ujenzi. Nakoroga zege, nabeba zege, namwaga zege. Mwenzangu alifariki mwaka jana, kiangazi. Figo. Hatukujaliwa mtoto. Tulianza kukaa pamoja mwaka ule wanajenga hospitali kubwa, na msingi wa hospitali ile nimeubeba kwa ndoo. Harusi hatukufunga. Hakuna aliyetukataza, hakuna aliyetuuliza. Tutafunga mwakani, tutafunga mwakani, ikawa ndiyo hivyo.

Kiwanja kina jina lake, alikipata kupitia kiwanda cha nguo alikokuwa anafanya kazi. Nyumba nimeijenga mimi, Jumapili na sikukuu, yeye akichota maji na kunigombeza. Dirisha la jikoni nilibomoa nikajenga upya kwa sababu alilitaka kubwa, aone nani anakuja kuomba chumvi kabla hajafika.

Sasa mdogo wake, shemeji yangu, kaenda mahakamani. Anasema nyumba ni ya dada yake, dada yake hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo mrithi ni yeye. Mimi anasema ni mpangaji. Akishinda, natoka.

Mahakama imeweka zuio mpaka kesi iishe. Hakuna kuuza, hakuna kubomoa, hakuna kujenga wala kubadili chochote. Wiki ile ile upepo ukang'oa bati la chumbani. Nikaenda kumuuliza karani wa mahakama, kupigilia bati ni kujenga? Akasoma karatasi, akairudia.

"Mzee, hapa wameandika chochote."

Mtu wa ujenzi miaka yote, nalala chini ya tundu.

Alhamisi, 7 Machi

Mawingu. Hayajaleta kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Yameleta.

Jumapili, 10 Machi

Kitanda nimekisogeza ukutani. Ndoo iko katikati, beseni pembeni. Nimefunga turubai kwa ndani, juu ya kitanda, kwa kamba. Kwa nje sijagusa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepita kwa karani kumuuliza kama turubai la ndani ni kubadili nyumba. Kaniangalia. Kasema, "Chandarua unafunga?" Nikasema ndiyo. "Basi sema hicho ni chandarua."

Alhamisi, 14 Machi

Nimeenda kwa wakili. Ni ofisi ya msaada wa sheria, chumba kimoja juu ya duka la rangi, ngazi nyembamba, juu mpaka chini harufu ya rangi. Yeye ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, ila akifungua faili uso unakuwa wa mama mkwe.

Kanieleza kuna hukumu ya mahakama ya juu, ya zamani kidogo. Mwendesha kreni alifia kazini. Alikuwa na mwanamke wanaishi pamoja, harusi hakuna. Kampuni ikamnyima yule mama fidia, ikasema si mjane. Mahakama ikasema hapana, watu wawili wakiishi pamoja mbele za watu na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inawachukua hivyo mpaka mtu athibitishe vingine. Akalipwa.

"Basi tumeshinda," nikasema.

"Bado, Baba. Ile ni hukumu ya mambo ya kazi. Yetu ni mirathi. Wakili wa shemeji yako atasema hayo ni mambo mawili."

"Na ni mawili?"

"Sheria ni mbili. Watu ni wale wale."

Nikamwambia hata sisi tuna mbao za kumwagia zege. Leo unamwagia nguzo ya duka, kesho unazing'oa unaenda kumwagia nguzo ya shule. Mbao haina habari nguzo ni ya nani.

"Kama haijapinda," akasema.

"Kama haijapinda."

"Ndiyo hapo sasa. Yeye atasimama aseme imepinda."

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Kazi imesimama saa nne.

Jumatano, 20 Machi

Mahakamani. Hakimu anaumwa, tumeahirishwa. Nimepoteza siku.

Kwenye korido nimekutana na shemeji.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri. Kwako?"

"Tunashukuru. Mvua hii!"

"Mvua hii."

Halafu kila mtu akaenda upande wa wakili wake. Nimemwangalia kwa nyuma nikasema moyoni, huyu mtu ana uso wa bati. Siku ya mazishi alinishika mkono tukashuka kaburini wote wawili, mimi kichwani, yeye miguuni. Mpangaji gani anashushwa kaburini kumlaza mwenye nyumba?

Alikuja na mwanamke wake, fundi cherehani. Wanaishi pamoja siku nyingi, nyumba yao iko mtaa wa juu, cherehani iko barazani. Nao harusi hawajafunga, kama sisi tu. Alikuwa rafiki wa mwenzangu. Kanishika mkono kwa mikono miwili.

Jumamosi, 23 Machi

Kifaru kaniona naandika wakati wa chai. Kifaru ndiye ninayebeba naye zege, ana shingo kama gunia.

"Siku hizi umekuwa karani?"

"Wakili kasema niandike."

"Andika na mimi nimo. Andika mimi ndiye mzuri kuliko wote hapa."

Nimeandika.

Jumatano, 27 Machi

Mvua usiku kucha na mchana. Lipu ya ukuta wa kaskazini imevimba. Ukigonga inalia tupu.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nimeharibu.

Nilipanda kizimbani. Nikaapa. Wakili wetu akaniuliza ninaitwa nani, nafanya kazi gani, naishi wapi. Nikajibu vizuri. Halafu akauliza, "Marehemu alikuwa nani kwako?"

Nikasema, "Mwenzangu."

Akaniangalia. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemvusha mzee barabara. "Alikuwa nani kwako, Baba?"

"Alikuwa mwenzangu."

Hakimu akaandika. Anaandika kwa mkono, nikaona kalamu ikienda na kusimama.

Kisha akasimama wakili wa shemeji. Mtu mnene, mpole, sauti ya redio.

"Mzee wangu, pole na msiba. Umesema mwenzako. Mwenzako wa nini?"

"Mwenzangu."

"Kazini kwako una wenzako?"

"Ninao."

"Nani mmoja, mtaje."

"Kifaru."

Watu wakacheka. Kifaru alikuwa nyuma, alikuja kunisindikiza, akanyoosha mkono kama yuko darasani. Hakimu akagonga meza.

"Huyo bwana Kifaru ni mwenzako?"

"Ni mwenzangu."

"Umemuoa?"

Walicheka mpaka askari wa mlangoni. Mimi nilishika ule ubao wa kizimba. Ulikuwa na msumari umetokeza.

"Kwa hiyo neno hilo unalitumia kwa mtu mnayefanya naye kazi, na kwa mtu mnayechangia naye chumba. Sahihi?"

Nikasema, "Si hivyo."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Nalitumia. Lakini si hivyo."

Akasema hana swali zaidi, akakaa, akafuta miwani.

Nje wakili wetu alikuwa amevimba.

"Baba, neno moja tu! Mke wangu. Nilikuuliza mara mbili!"

"Sijawahi kumuita hivyo."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Wala baba yangu hakumuita mama hivyo. Mtu mzima anasimama mbele za watu anasema mke wangu, mke wangu, kama anaonyesha baiskeli mpya? Mwenzangu, basi. Kila mtu anaelewa."

"Hakimu anaandika anachosikia."

"Hakimu hana mwenzake nyumbani?"

Akakaa kwenye ngazi. Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Narudi nyumbani nikakumbuka hospitali. Nesi aliniuliza mlangoni, wewe ni nani kwa mgonjwa? Nikasema mwenzake. Akanifungulia, akanionyesha na kiti. Hakuuliza wa nini.

Alhamisi, 4 Aprili

Kazini imekuwa wimbo. "Mwenzangu, lete maji." "Mwenzangu wa nini?" "Wa koleo!" Mpaka msimamizi, ambaye huwa hacheki. Kifaru kawanyamazisha. Kasema atakayerudia atambeba na toroli mpaka shimo la chokaa. Halafu yeye mwenyewe kanong'ona, "Ila ungesema hapana, hujanioa, mapema kidogo. Watu walikuwa wanasubiri."

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu jana.

Jumanne, 9 Aprili

Lipu imeanguka, kipande cha ukubwa wa mlango. Tofali zinaonekana. Zangu hizo, nilizifyatua mwenyewe.

Jumamosi, 13 Aprili

Shemeji kaja. Kapiga hodi, kasimama mlangoni na viatu vya kazi, vimechanika vidoleni. Kasema anataka kuona nyumba imefikia wapi.

Akaona. Akagusa ukuta, mkono ukarudi na matope.

"Nyumba inaoza, shemeji."

"Inaoza na zuio lako."

"Sikuomba iwe hivyo. Wakili alisema ni kawaida."

"Kwake yeye haivuji."

Ndoo ilikuwa imejaa. Akaibeba bila kuambiwa, akaenda kumwaga nje, akairudisha pale pale chini ya tundu, akaisogeza kwa mguu mpaka tone likaingia katikati. Tukasimama tunaangalia.

"Dada hakuniambia," akasema. "Hata siku moja hakuniambia ameolewa. Nikimuuliza, anasema mwenzangu yuko kazini, mwenzangu kalala. Sasa mimi nijue nini?"

"Ulikuwa hujui?"

Kasema baba yao alimwachia dada kazi yote ya kumlea yeye, na dada alimlea, na kitu pekee kilichobaki cha dada ni hii nyumba. Nikamwambia hata kwangu ni hivyo hivyo.

Nilikuwa namwona mwizi. Leo sijui namwona nani. Amechoka kama mimi.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Niandike yote leo.

Shemeji alikuwa na shahidi mmoja amebaki, fundi cherehani. Wakili wake, yule wa sauti ya redio, akamuongoza vizuri. Ulimjua marehemu? Nilimjua. Aliwahi kufunga ndoa? Hapana. Uliwahi kualikwa harusi yake? Hapana. Kulikuwa na mahari? Hapana. Kila neno alilosema ni kweli. Nilijikunja pale benchi.

Wakili wetu akasimama. Hakushika karatasi.

"Mama, marehemu alikuwa rafiki yako?"

"Sana."

"Mlikuwa mnaongea habari za nyumbani?"

"Wanawake wataongea nini tena?"

"Huyu mzee hapa, marehemu alikuwa anamuitaje?"

"Mwenzangu."

Wakili wa shemeji akatabasamu. Akaandika.

"Na wewe, Mama. Huyu bwana aliyekuleta hapa leo utoe ushahidi. Ni nani kwako?"

Hakufikiri. Lilimtoka kama mtu anavyosema jina lake.

"Mwenzangu."

Nikasikia mvua juu ya bati, na ilikuwa manyunyu tu.

"Mwenzako wa nini?" wakili wetu akauliza.

Yule mnene akaruka, "Mheshimiwa, hili halihusiani kabisa!" Hakimu akainua mkono. Akasema, "Shahidi ajibu."

Fundi cherehani akamgeukia shemeji. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, anaangalia viatu vyake.

"Mwulizeni yeye," akasema. "Mimi nimeshasema."

Hakimu akavua miwani. Akamwambia shemeji asimame, akamkumbusha kile kiapo alichokula alipotoa ushahidi wake bado kinamfunga. "Huyu mama ni nani kwako?"

Wakili wake alikuwa anamvuta shati. Mimi niliona. Maana akisema ni mke, basi na mimi ni mume. Akisema si mke, yule pale anasikia. Shemeji akalitoa shati mkononi mwa wakili. Mwisho akasema:

"Tunakaa naye."

Fundi cherehani akauliza kama amemaliza. Hakimu akamwambia ndiyo, asante. Akachukua mkoba wake. Akapita kati ya mabenchi, hakukimbia, hakulia. Alipofika mlangoni akamwambia askari, "Samahani, baba," maana alikuwa kamzibia njia.

Wakili wetu kasema leo tumevuna. Nimemwambia sikufurahi. Kasema hata yeye.

Alhamisi, 25 Aprili

Kifaru kasikia fundi cherehani kahamia kwa dada yake. Kabeba cherehani kichwani, meza kabebewa na jirani.

Ijumaa, 3 Mei

Kazi tupu. Hakuna la kuandika. Mgongo.

Jumatano, 15 Mei

Hukumu.

Hakimu alisoma muda mrefu, kwa sauti ya chini. Nilishika maneno machache. Wakili kanirudishia mengine kwenye ngazi.

Kasema ni kweli hukumu ya mwendesha kreni ilikuwa ya fidia ya kazini. Lakini mtu hawezi kuwa mjane mbele ya mwajiri halafu akifika kwenye mirathi awe mgeni. Kama sheria imewajua ni mke na mume upande mmoja, imewajua. Kasema neno mwenzangu, kwa jinsi watu wazima wanavyolitumia wakitaja wa nyumbani kwao, ni mke au mume, na mahakama haiwezi kujifanya haijui lugha inayosikia kila siku. Kasema mimi ni mume wa marehemu. Nyumba nikae nayo.

Kifaru kanibeba. Nimemwambia aniteremshe.

Wakili kasema tusubiri. Shemeji ana mpaka tarehe 14 Juni kukata rufaa, na zuio linabaki mpaka hapo.

"Kwa hiyo bati bado?"

"Bado, Baba."

Ijumaa, 17 Mei

Kazini mke wa mlinzi aliyefia getini mwaka juzi kaja kunitafuta. Kasikia kuna hukumu. Yeye naye hakufunga harusi, mambo yake ni mafao. Nikamwelekeza ofisi juu ya duka la rangi. Jioni kaja mwingine, mwenye nyumba anamtoa kwa sababu mkataba una jina la marehemu tu. Nikamwelekeza pale pale. Msimamizi kasema nikianza kupokea wageni nilete na viti.

Jumatano, 22 Mei

Mvua kubwa. Turubai limepasuka, maji yakanimwagikia yote mara moja. Nimelala jikoni.

Ijumaa, 31 Mei

Shemeji kaja jioni na karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Kakaa kwenye kigoda, mimi kwenye debe.

"Shemeji, tumalize."

"Tumalize vipi?"

"Nyumba kaa nayo. Sikati rufaa. Kesho panda juu upigilie bati lako, hakuna atakayekugusa. Ila tusaini wote wawili, hukumu ifutwe."

"Ifutwe? Si imeshasomwa?"

"Tunaandika maridhiano, hakimu anagonga muhuri. Inakuwa kama haikusemwa."

"Na mimi nabaki nani?"

"Unabaki na nyumba."

"Nimeuliza nabaki nani."

Akaleta karatasi karibu na taa. Akasoma, "Mkazi wa nyumba, kwa ridhaa ya familia ya marehemu."

Nikamuuliza kwa nini anataka ifutwe, yeye anapata nini. Akazungukazunguka, halafu akasema. Fundi cherehani kaipeleka ile hukumu kwa wakili. Kwa wakili wetu, yule yule. Anadai nusu ya nyumba ya mtaa wa juu. Anasema na yeye ni mke.

"Si mke?"

"Shemeji, hayo ni mambo mengine. Wewe ulikuwa mirathi. Hiyo ni mali ya walio hai."

"Wakili wako alisema hivyo hivyo kuhusu yule wa kreni. Mambo mengine."

"Nyumba ile nimejenga mimi!"

"Na nguo za mtaa mzima kashona nani? Bati la kwako lilitoka wapi?"

Akanipa kalamu. Naandika ukweli, niliishika. Nilikuwa nimelowa tangu asubuhi, nguo zote mbichi, na juu kulikuwa kunadondoka. Sahihi moja nalala pakavu. Nikamwambia aniachie nifikirie.

Jumamosi, 1 Juni

Nimeenda kwa dada wa fundi cherehani. Nimemkuta anashona sare za shule. Nikamweleza yote. Hakuacha kukanyaga cherehani mpaka nilipomaliza.

"Saini, shemeji," akasema. "Wewe una tundu juu ya kichwa. Mimi sina tundu, nina hasira tu."

"Na kesi yako?"

"Nitajua mwenyewe. Ila ukisaini niambie mapema, niache kupanda zile ngazi za duka la rangi. Magoti yananiua."

Akakata uzi kwa meno.

"Mwenzio angenigombeza kukwambia usaini," akasema. "Usimsikilize, kafa. Lala pakavu."

Jumatatu, 3 Juni

Wakili. Nimemuuliza bila kuzunguka, nikikataa, akikata rufaa, tutashinda?

Kasema hajui. Kasema huku chini neno la hakimu ni letu sisi tu, wengine wanaliazima. Kule juu likisemwa linawabana wote. Likisemwa vizuri, linaenda kwenye mirathi, kwenye nyumba, kwenye mafao, mpaka kwa watoto. Likisemwa vibaya, ile hukumu ya kreni itafungiwa kwenye mambo ya kazi na haitatoka tena humo. Mimi nitatoka nyumbani, na wale wanaokuja kunitafuta kazini watakuta mlango umefungwa.

"Kwa hiyo nisaini?"

"Siwezi kukwambia hivyo, Baba. Mwenye kulowa ni wewe."

Jumanne, 4 Juni

Sikwenda kazini. Nimelala tu. Mvua imepumzika na yenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimemrudishia shemeji karatasi yake. Sijasaini.

Alikuwa nje ya nyumba yake, anapika mwenyewe, moshi umemjaa machoni. Kauliza kwa nini. Nimemwambia hospitali walinipokea. Makaburini mlinipokea, wewe ukiwa wa kwanza. Na mahakama imenipokea. Nikisaini hapa, nimejitoa mwenyewe.

"Basi nakata rufaa."

"Kata."

"Utalowa mwaka mzima."

"Nimeshazoea."

Uongo. Sijazoea.

Jumatatu, 10 Juni

Hajakata.

Jumatano, 12 Juni

Hajakata. Wakili kasema nisijipe moyo.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya mwisho. Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikaenda kukaa kwenye benchi la korido, mbele ya dirisha la karani. Nilimkuta fundi cherehani kashakaa. Naye kaja kuona. Hatukuongea sana. Kanipa nusu ya chapati.

Watu walipita na mambo yao. Mchana ukapita. Karani alikuwa anaanza kukusanya mihuri, tukasikia viatu. Shemeji, kalowa mpaka shingoni, karatasi kazificha chini ya koti. Alituona. Akasimama kidogo, akaenda dirishani akiwa ametupa mgongo.

Karani akazipokea, akahesabu kurasa, akauliza, "Huyu mjibu rufaa wako anapatikana wapi, apelekewe nakala?"

Shemeji akageuka nusu, akanyoosha kidole.

"Si huyo hapo, shemeji yangu."

Karani akainua uso. Akamwangalia, akaniangalia, akasoma tena ile karatasi inayosema mimi si ndugu wa mtu yeyote. "Shemeji yako?"

Fundi cherehani akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Mimi pia nilikaribia. Shemeji alibaki na kidole hewani, halafu akakishusha.

"Mzee, nazipokea au sizipokei?" karani akasema. "Nafunga."

Nilimwona shemeji anaangalia muhuri. Kama angezikunja na kuondoka, kesi ingeishia pale, na kesho ningekuwa juu ya paa. Na nusu ya nyumba yake ingekuwa imeenda.

"Pokea," akasema.

Muhuri ukagongwa. Karani akaniita, akanipa nakala yangu hapo hapo, nikasaini kwamba nimepata. Nikamuuliza zuio. Kasema linaendelea mpaka mahakama ya juu iseme, na hajui lini.

Mvua ikazidi, ikawa hata geti halionekani. Hakuna aliyeweza kutoka. Shemeji alisimama mlangoni, anaangalia nje, anaangalia ndani. Korido nzima ina benchi moja.

Fundi cherehani akasogea. Si sana. Shemeji akakaa.